Akrisoli au Feralisoli? Kuusoma udongo wa miteremko ya Amani

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, ukiiangalia miti ya misambu na minyasa ilivyonyooka, ni rahisi kusema udongo wa Usambara Mashariki umejaa rutuba. Maabara husema vingine. Rutuba ya miteremko hii imelala katika sentimita 10 hadi 20 za juu, pale mboji na mizizi myembamba inaposhikana kama mkeka. Chini ya hapo huja udongo mwekundu au wa manjano-nyekundu, wenye tindikali, ambao mvua imeufua kwa muda mrefu mno. Msitu huishi kwa kuzungusha virutubisho vilevile: jani huanguka, huoza, na mizizi huvidaka kabla havijazama. Ukikata miti, mzunguko unakatika. Waliolima iliki chini ya miti ya Amani wanalijua hilo, kwa sababu mavuno hushuka baada ya miaka michache. Swali la wachimba shimo ni jina: udongo huu ni Feralisoli, yaani udongo uliochakaa kabisa, au Akrisoli, yaani udongo wenye tindikali ambao mfinyanzi (chembe laini kabisa za udongo) umezidi katika tabaka la chini?

Mwamba wa huku ni naisi, yaani mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo, wa kale sana. Kituo cha utafiti cha Amani kipo kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, na mvua yake ni kama milimita 1,900 kwa mwaka. Joto, maji na muda vikikutana hivyo, kalsiamu, magnesiamu na potasiamu huondoka, na vinavyobaki ni kaolini (aina ya mfinyanzi), oksidi za chuma na alumini. Kwa hiyo pH, kipimo cha tindikali, ya chini ya 5 ni jambo la kawaida hapa. Chai inavumilia hali hiyo, mahindi hayavumilii.

Amani ina heshima yake katika elimu ya udongo. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alikuwa akifanya kazi hapa alipotoa neno "katena" mwaka 1935, kutoka Kilatini, yaani mnyororo. Alitaka neno la kueleza kwamba udongo wa kileleni, wa ubavuni na wa bondeni ni pete za mnyororo mmoja, na kwamba mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Wazo hilo bado ndilo ramani bora ya kuanzia. Kwenye migongo mipana ya vilima tegemea udongo mnene, uliochakaa kabisa. Kwenye ubavu mkali utakuta udongo mwembamba zaidi, wenye vipande vya mwamba unaooza. Chini ya mteremko kuna udongo ulioporomoka kutoka juu, na kando ya vijito udongo wa kijivu unaotuamisha maji. Shimo moja haliwezi kuusemea mteremko mzima. Chimba matatu angalau: juu, katikati na chini.

Usitumie ukuta wa barabara iliyochongwa, hata kama unakuokolea siku nzima ya kazi. Umekauka, umeoshwa na mvua, na udongo wa juu umedondokea wa chini. Epuka pia mahali mti mkubwa ulipong'oka na kuacha shimo na tuta, kwa kuwa tabaka zimepinduliwa. Shimo la upana wa mita 1, urefu wa mita 1.5 na kina cha mita 2 linatosha. Ukuta wa kusoma ni ule wa upande wa juu wa mteremko. Udongo unaotoa uutupe upande wa chini, wa juu na wa ndani kwenye marundo mawili, ili wakati wa kufukia kila kimoja kirudi kwake. Usikanyage wala kurundika kitu juu ya ukuta unaousoma.

Sifuri ya kipimo huanza pale udongo wa madini unapoanza. Majani makavu ambayo hayajaoza hayahesabiwi; pima unene wake peke yake. Tena andika kama umepima wima au kwa pembe mraba na uso wa ardhi, kwa sababu kwenye mteremko wa digrii 30 sentimita 100 za wima ni kama 87 tu ukipima kwa pembe mraba. Na digrii 30 ni asilimia 58, kwa hiyo usiandike "mteremko 30" bila kusema ni kipimo gani. Kosa hilo dogo limeharibu data nyingi nzuri.

Ukuta ukishakuwa tayari, usiulainishe kwa panga. Panga likipita kwenye mfinyanzi wenye unyevu huacha mng'ao, na mng'ao huo unafanana sana na utando wa mfinyanzi ulioshuka kutoka juu, ambao ndio ushahidi unaoutafuta. Ng'oa vibonge kwa ncha ya kisu vijivunje vyenyewe, kisha angalia nyuso zao na ndani ya vitundu kwa lenzi ya kukuza mara 10. Rangi isome kwenye kitabu cha Munsell udongo ukiwa na unyevu, kivulini lakini penye mwanga wa kutosha. Chini ya dari ya msitu kila kitu huonekana cheusi kuliko kilivyo. Toka na kibonge hadi penye uwazi.

Kisha kuna mtihani wa mkono. Chukua donge, lilowanishe, lisugue. Mwanzoni udongo mwekundu wa Amani huhisiwa kama tifutifu, una chembechembe kama unga wa dona. Wengi huandika "tifutifu" wakaendelea. Endelea kukanda dakika moja au mbili zaidi, na zile chembe zitavunjika, donge litaanza kunata na kuvutika. Zilikuwa vifungu vidogo vya mfinyanzi vilivyogandishwa na oksidi za chuma.

Kosa hilohilo hutokea maabara, na huko ndiko linakogeuza jina la udongo. Katika WRB, mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, tabaka la feraliki, ambalo ndilo alama ya Feralisoli, linatakiwa, pamoja na masharti mengine, liwe na uwezo wa kushika kationi (chembe zenye chaji chanya, kama za kalsiamu) chini ya sentimoli 16 kwa kila kilo ya mfinyanzi, na unene wa sentimita 30 au zaidi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu, kilo ya udongo mzima inashika sentimoli 6. Mfinyanzi ukiwa asilimia 50, gawanya 6 kwa 0.5 upate 12: feraliki inawezekana. Lakini kama sampuli haikutawanywa vizuri na maabara ikasoma asilimia 30, jibu ni 20, na Feralisoli imekufa kwenye karatasi. Ndiyo maana nasisitiza: mboji iondolewe kwanza kwa peroksaidi ya hidrojeni, kisha sampuli itikiswe usiku kucha ndani ya sodiamu heksametafosfeti, inayotawanya chembe za mfinyanzi. Na hesabu hii ifanyie tabaka la ndani lenye mboji kidogo, maana mboji nayo hushika kationi na kuupa mfinyanzi sifa isiyo yake.

Akrisoli inahitaji kitu kingine: tabaka la ajiki, yaani tabaka la chini lililozidi la juu kwa mfinyanzi. Kwa toleo la 2014, kama la juu lina asilimia 10 hadi 50 ya mfinyanzi, la chini lifikie mara 1.4 au zaidi. Asilimia 32 juu na 46 chini ni 1.44: linapita. Asilimia 32 na 42 ni 1.31: halipiti kwa uwiano huu, labda utando wa mfinyanzi ulioshuka uonekane wa kutosha. Ongezeko liwe la ghafla kiasi, si la kusambaa mita nzima. Na ukikuta mstari wa mawe ya kwatzi kati ya tabaka mbili, simama hapo. Mara nyingi juu ya mstari huo ni udongo ulioporomoka na chini yake ni uliooza papo hapo. Tofauti ya mfinyanzi katika hali hiyo haithibitishi kitu, mpaka uuone utando wenyewe kwenye lenzi.

Tabaka la ajiki likiwa na sentimoli chini ya 24 kwa kilo ya mfinyanzi, linabaki swali la tindikali. Jumlisha kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu, gawanya kwa jumla hiyo pamoja na alumini. Kalsiamu 0.8, magnesiamu 0.4, potasiamu 0.1, sodiamu 0.05 na alumini 2.0 hukupa 1.35 kwa 3.35, yaani asilimia 40. Chini ya 50 katika sehemu kubwa ya sentimita 50 hadi 100, ni Akrisoli. Juu ya hapo ni Liksisoli, ndugu yake mwenye tindikali kidogo.

Msitu una neno lake la mwisho katika ubishi huu. Udongo wenye feraliki na ajiki kwa pamoja kwa kawaida huenda Akrisoli, lakini ukiwa na kaboni ya mboji asilimia 1.4 au zaidi katika sentimita 30 za juu za tabaka la ajiki, hubaki Feralisoli. Chini ya miti mikubwa kiwango hicho hufikika. Shamba la jirani, lenye mwamba uleule na mteremko uleule, likishapoteza mboji yake linaweza kupata jina tofauti. Kwa hiyo usiruke kipimo cha kaboni cha tabaka la ndani ili kuokoa gharama.

Sampuli zikitoka shimoni, zikaushe kivulini kwa hewa, kamwe si juani juu ya bati wala kwenye oveni. Oveni ya nyuzi 105 ni ya zile ringi za sentimita za ujazo 100 unazopimia uzito wa udongo kwa ujazo, basi. Kwenye tabaka la juu gonga ringi tano badala ya tatu, kwa sababu mzizi mmoja mnene ukiingia unaharibu kipimo. Lebo weka mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje, kwa penseli. Wino hauhimili unyevu wa Amani.