Mjusi wa kwanza kwa mfugaji wa nyoka

Kijana mmoja wa Lamu, ambaye huu ni mwaka wake wa sita akifuga nyoka kwa kibali, alinijia hapa Malindi baada ya Idi akitaka ushauri wa kuchagua mjusi. "Kaka," aliniambia, "chatu nimemlea tangu ni mdogo wa kufunika kiganja hadi amenipita kimo, mjusi atanishinda nini?" Swali lake lilistahili jibu refu kuliko lile nililompa siku hiyo barazani, kwa sababu nami niliingia katika mijusi nikiwa na uhakika uleule, nao ulimponza mnyama asiye na kosa.

Nyoka hutudekeza sisi wafugaji. Humeza panya mzima, na ndani ya panya mna nyama, maini na mifupa, kwa hiyo kalsiamu na vitamini hujileta zenyewe bila sisi kuzifikiria. Akishashiba, mkubwa wao hukaa wiki kadhaa bila kudai kitu, na wengi tunaowafuga huishi miaka mingi wakiwa na afya katika chumba kisichoingia jua. Tunajifunza joto, unyevu, maficho na kufunga mlango vizuri, lakini mwanga hatuujifunzi, kwa kuwa hakuna aliyetudai.

Mjusi anayeshinda mchana anaudai. Miale ya urujuanimno iliyomo katika jua ikimpiga ngozini, mwili wake hutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu anayokula haiingii mifupani hata ungemlisha kwa kijiko. Zaidi ya hayo, panzi na nyenje wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ilhali mjusi huhitaji kinyume chake, takriban kalsiamu mara 2 ya fosforasi. Mfugaji wa nyoka akiyakosa haya mawili, mnyama huanza kuchota kalsiamu kutoka katika mifupa yake mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyomuumiza mjusi wangu wa kwanza, guruguru. Aliletwa akiwa mdogo na mafundi waliomkuta wakichimba msingi wa nyumba, nami nikamweka katika tangi la kioo kando ya dirisha, nikiamini jua analipata kwa kuwa niliona mwanga umemwangukia mgongoni. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu miale yote inayotengeneza D3. Katika mwezi wa tano wa kumfuga, taya lake lilikuwa laini kama gegedu, miguu ikitetemeka, na tumbo halinyanyuki tena kutoka chini. Daktari wa mifugo alimwokoa kwa kalsiamu na kwa kuniamuru nimtoe nje, lakini mgongo ulibaki umepinda mpaka leo, na kila asubuhi ninapomfungulia huutazama.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu ni kumchagua mjusi kwa kuanzia na jua ulilo nalo, kabla ya rangi na kabla ya ukubwa. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Mfugaji wa Ulaya hununua taa maalumu na kuibadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12, maana miale yake hufifia hali taa bado inawaka. Sisi tunayo bure, wala haikatiki stima inapokatika. Ni hasara kubwa kumchukua mnyama ambaye hawezi kuitumia neema hii.

Wengi watakutajia mjusi chui wa Pakistani na Afghanistani, na kusema kweli huyo ndiye aliye karibu zaidi na tabia za nyoka: hutoka jua likizama, hula mara chache kuliko mijusi wa mchana, huweka akiba ya mafuta mkiani, na anaweza kuishi miaka 15 au zaidi. Watakutajia pia mjusi mwenye ndevu wa Australia, mpole sana, anayetaka mahali pa kuotea jua penye takriban nyuzi 40. Wote wawili asili yao ni nchi kavu. Pwani yetu, hasa kusi linapoleta mvua, unyevu hauondoki hata katika nguo kabatini, na kumkausha mnyama wa jangwani ndani ya hali hiyo ni kazi ya kila siku.

Kenge humvutia aliyezoea chatu, kwa kuwa naye ni mkubwa na ana ulimi wa panda. Wa mtoni hufikia mita 2, ana kucha, meno na mkia kama mjeledi, na akili yake huchoshwa na kizimba kidogo. Asiwe wa kwanza. Kinyonga naye ni mnyama wa kumtazama: hunywa matone yaliyo juu ya majani, hutaka hewa inayopita, na kumshikashika kila siku kunamdhoofisha kabla hujaona dalili yoyote.

Ninayempendekeza ni guruguru, yule mkubwa wa magamba magumu anayeishi mashimoni na katika vichuguu vya mchwa huku kwetu. Anafikia karibu nusu mita, hupenda jua la asubuhi, na hula wadudu, konokono, maua na matunda. Wakati wa maembe wangu husubiri mlangoni. Ubavuni ana mkunjo wa ngozi unaomwezesha kupanuka, na akiogopa hujichomeka katika ufa wa jiwe kisha hujijaza hewa. Hapo usimvute. Hasa usimshike mkia, maana anaweza kuuacha mkononi mwako, jambo ambalo nyoka hakukufundisha kulihofia.

Usimtoe porini wala usimnunue kwa mtu wa njiani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamgusa mjusi kama inavyomgusa nyoka, na usidhani kibali ulichopewa cha chatu kinamfunika. Nenda KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwanza, ueleze ni mnyama gani na anatoka wapi.

Kizimba changu cha sasa kiko uani, cha wavu imara, mita 2 kwa 1, na sakafu yake ni mchanga wenye kina cha kuchimbika. Nusu imeezekwa makuti, kwa maana mjusi asiyeweza kukimbilia kivuli hufa kwa joto upesi mno. Nusu nyingine ina mawe ya matumbawe yanayofikia nyuzi 35 hadi 40 kabla ya adhuhuri. Kalsiamu naitoa ufuoni: ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi, nauloweka uishe chumvi, naukausha, nausaga na kuwapakaza panzi kabla ya kuwatoa. Nyoka wako mbali, chumba kingine na vyombo vingine, kwa kuwa wengi wao mjusi ni chakula chao, na mgeni yeyote hukaa peke yake miezi 3 nikimkagua utitiri na kupe na kumpima uzito kila Ijumaa. Kijana wa Lamu nimemwambia ajenge kizimba kwanza, akiache kitupu mwezi mzima, na kila saa ya mchana apime joto la jiwe na la kivulini, ndipo aende kuomba kibali.