Hosteli za wanachuo mtaani: yale tunayoyaamini na ukweli wake

Nimehudhuria vikao vya halmashauri vya kuamua kama hosteli za nje ya chuo zijengwe zaidi ya mara moja na kila mara natoka nimeumia, maana majirani wanaopinga wanakuja na uchungu wa kweli kabisa ila hoja wanazotoa ni zile ambazo diwani hata akitaka kuwasaidia hawezi kuzitumia.

DHANA: Tukijaa ukumbini mradi utapigwa chini.

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Cha kwanza kujua ni kwamba ombi lenyewe ni la aina gani. Kama kiwanja tayari kimepangiwa maghorofa ya makazi na ramani imefuata masharti yote, urefu, umbali toka mpakani, mifereji na kadhalika, basi sehemu nyingi madiwani hawana nguvu ya kukataa kisa majirani wamekasirika, wakikataa mwenye mradi anakata rufaa na anashinda. Ila kama anaomba kiwanja kibadilishiwe matumizi, labda kutoka nyumba za familia kwenda maghorofa, hapo madiwani wana uhuru mkubwa wa kukataa, au kukubali kwa masharti. Ni vikao viwili tofauti kabisa na mtu asiyejua yuko kwenye kipi anapoteza jioni yake bure.

Hata sababu zenyewe zina mipaka. Uingereza kwa mfano, ukisimama ukasema nyumba yangu itashuka bei au nitazibiwa mandhari ninayoyaona dirishani, hiyo haihesabiki kabisa kwenye uamuzi wa mipango miji. Kivuli kinahesabika, foleni inahesabika, kelele zinahesabika, jengo kuchungulia vyumbani mwa watu linahesabika. Na halmashauri ikikataa bila sababu inayosimama inaweza kuamriwa ilipe gharama za rufaa, yaani hela ya walipakodi haohao waliokuwa ukumbini.

DHANA: Halmashauri inaweza kuweka sheria wanachuo wasikae mtaa wetu.

Hii ina ukweli kidogo ndo maana haifi. Marekani kuna kijiji kinaitwa Belle Terre, jimbo la New York, kiliweka sheria kwamba watu wasio na undugu wasizidi wawili kwenye nyumba moja. Wanachuo sita wa Stony Brook walikuwa wamepanga nyumba moja hapo, kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya nchi na mwaka 1974 kijiji kikashinda kwa kura 7 kwa 2. Lakini angalia sheria yenyewe, inahesabu watu kwa nyumba na kuuliza undugu, haisemi mwanafunzi. Jaji Thurgood Marshall alipinga uamuzi huo, akasema kwa sheria hiyo ukoo wa watu kumi na mbili ungeweza kujazana kwenye kijumba kidogo huku wazee watatu wastaafu wakikatazwa kukaa jumba kubwa la jirani. Mimi nakubaliana naye kabisa. Alafu sheria ya namna hiyo haizuii ghorofa ambalo kiwanja chake kimeruhusiwa.

DHANA: Kelele za wanafunzi zinatosha kusimamisha mradi mahakamani.

Zilitosha kwa muda mfupi. Berkeley, California, chuo kilitaka kujenga makazi ya wanafunzi wapatao 1,100 pale kwenye bustani ya People's Park, na Februari 2023 mahakama ya rufaa ikasema chuo kilipaswa kuchunguza kelele za wanafunzi kama athari kwa mazingira. Septemba mwaka huohuo jimbo likapitisha sheria kwamba kelele za wakazi sio athari ya mazingira, na Juni 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikakipa chuo ushindi. Kelele zipo jamani, sizipuuzi, mwenye mtoto mchanga anajua, ila dawa yake ni masharti ya kibali kama msimamizi anayelala hapohapo usiku na namba ya simu ambayo majirani wakipiga inapokelewa.

DHANA: Isipojengwa, wanachuo hawatakuja.

Watakuja. Idadi ya wanafunzi inaamuliwa na chuo, sio na diwani, na wakikosa hosteli wanaingia kwenye nyumba za familia, watano wanachanga kodi wanampita bei baba mwenye watoto wawili na mshahara mmoja. Hata hivyo tusidanganyane upande wa pili pia, hosteli mpya mara nyingi ni ghali na mwanafunzi wa kipato cha chini bado atatafuta chumba cha nyumba kuukuu.

DHANA: Majengo haya hayalipi kodi.

Marekani jengo linalomilikiwa na chuo kwa kawaida limesamehewa kodi ya majengo, la mwekezaji binafsi linalipa. England wanafunzi wa muda wote wamesamehewa kodi ya halmashauri, ile wanayotozwa wakaaji wa nyumba. Uliza mmiliki ni nani na sheria ya kwenu inasemaje, basi.

Sasa jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza na linanikera sana, ni vitanda. Hosteli hizi nyingi zinakodishwa kwa kitanda, kila mwanafunzi na mkataba wake, kwa hiyo mradi unaoandikwa "nyumba 100", kila moja ikiwa na vyumba vinne, unaweza kuwa na watu wazima 400, na kama maegesho, maji na maji taka vimepigiwa hesabu kwa nyumba basi hesabu yote imekosewa toka mwanzo. Na nyumba ya vyumba vinne vyenye bafu nne na sebule finyu, siku chuo kikipunguza wanafunzi, kuigeuza ikae familia ni gharama kubwa. Mwambieni mwenye mradi alete idadi ya vitanda kwa maandishi, na mchoro unaoonesha kuta zipi zinaweza kutolewa baadae bila kuvunja mabomba, na muombe hivyo kabla ya kura, kwa sababu kibali kikishatoka hana sababu ya kuwajibu.