Homa ya ini si lazima iwe na joto

Jina la ugonjwa likiwa na maneno mawili au matatu, wagonjwa wengi hurudi nyumbani na la kwanza tu. Mtu ameambiwa ana homa ya ini. Kwa jirani anasema ana homa. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Dodoma tunaviita virai vya namna hii virai vilivyoganda: maana imo katika maneno yote kwa pamoja, ukikata umebaki na kitu kingine. Mtu anaweza kuishi na homa ya ini aina ya B miaka mingi bila mwili kuchemka. Akijishika paji la uso, atajiona mzima na kliniki ataiacha.

Kinachopotosha zaidi ni kale ka "ya" ka katikati, yaani a-unganifu. Katika homa ya ini kanataja kiungo kinachoumwa. Katika homa ya manjano kanataja rangi ya macho na ngozi, ini linapodhurika. Homa ya Bonde la Ufa, nayo, imebeba jina la mahali ilikotambuliwa kwanza, nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Jina hilo halikuizuia kufika kwetu: mwaka 2007 mkoa wa Dodoma uliathirika sana. Mfugaji wa Kongwa angeweza kudhani ni mambo ya Wakenya, kumbe hatari iko kwa mbu na katika damu ya mnyama mgonjwa anayemchinja mwenyewe.

Virai virefu visomwe kuanzia nyuma. Saratani ya shingo ya kizazi: kizazi kina shingo, shingo hiyo ndiyo yenye saratani. Ukifupisha kuwa "saratani ya shingo" umeihamishia kooni.

Namba nazo zina mtego. Kisukari aina ya 2 si kisukari kilichokomaa kuliko aina ya 1. "Aina" hutenga, "hatua" hupanga; saratani ya hatua ya 2 ndiyo iliyoipita ya 1.

Halafu dirisha la dawa, na "kutwa mara tatu" yake. Mtaani kutwa ni kuanzia asubuhi hadi jua kuzama. Kwenye kibahasha cha dawa ni saa 24. Ndiyo maana wapo wanaomaliza vidonge vya antibiotiki vya siku kabla ya magharibi, na usiku kucha mwili unakaa bila dawa. Kinachokusudiwa ni kila baada ya saa 8. Kwa maoni yangu, "kutwa" iondolewe kabisa, ziandikwe saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.