Hamoki sio machela: uongo tunaoambiana kuhusu kulala kati ya miti miwili

Siku ya kwanza naifunga hamoki, kile kitambaa cha kulalia kinachoning'inia kwa kamba, nyumbani Ujiji kati ya miembe miwili, bibi mmoja jirani akasimama njiani akaniuliza, "Mjukuu wangu, nani anaumwa?" Maana kwetu kitambaa kinachombeba mtu kalala ni machela, na machela haijawahi kuleta habari njema. Nikamwambia bibi hii ni ya kulalia tu porini, akacheka akaondoka anatingisha kichwa. Bibi simlaumu. Ila hawa wenzangu wa mabegi mgongoni, wale wanaoshuka treni Tabora au Kigoma na hamoki mpya bado ina lebo, wao ndo wananishangaza na vitu wanavyoamini, na mi mwenyewe niliviamini karibu vyote kwa hiyo naongea kwa uchungu.

Eti ikaze mpaka inyooke kama kitanda, ikilegea mgongo utauma.

Ni kinyume kabisa. Ukiikaza hivyo kingo zinakubana mabega, ukigeuka kidogo inakumwaga chini. Hamoki inatakiwa ilegee, kamba ishuke kutoka kwenye mti kwa pembe ya kama digrii 30, afu usilale kufuata mstari wa katikati, lala mshazari, kichwa kushoto miguu kulia au kinyume chake, hapo kitambaa kinatanuka na mgongo unanyooka vizuri tu, hata ubavu unalala. Kupima pembe hauhitaji kifaa, fanya bastola ya vidole, ile ya watoto, kidole cha shahada kiwe sambamba na ardhi na gumba juu, mstari unaotoka ncha ya kidole kwenda ncha ya gumba ndo pembe yako.

Na sio raha tu, kuna hesabu hapa. Mtu wa kilo 70 akilala kwenye digrii 30, kila kamba inavutwa na nguvu ya kilo 70. Ikazwe mpaka digrii 10, kila kamba inavutwa na karibu kilo 200. Digrii 5 ni 400, na wewe mwenyewe haujaongezeka hata gramu! Mi nilikatikiwa na kamba ya manila hivyo hivyo saa nane ya usiku, shahidi ni kiuno changu. Kwa hiyo tafuta miti iliyoachana hatua tano au sita hivi, funga usawa wa kichwa, upande wa miguu uwe juu kidogo usije ukateleza usiku, na ukikaa kitako iwe usawa wa kiti. Ukianguka ni aibu tu, sio hospitali.

Eti huku kwetu joto, baridi ni Njombe huko.

Kalale Tabora mwezi wa sita au wa saba porini ndo utanielewa. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku wa kiangazi joto linashuka mpaka karibu digrii 15, na kwenye hamoki digrii 15 sio ile ya chumbani, kwa sababu chini yako hakuna godoro wala udongo, kuna upepo unapita na kubeba joto lako usiku kucha. Hata kwenye digrii 20 mtu anaweza kuamka anatetemeka makalio yameganda.

Hapo mtu anafanya kosa la pili, anatandika blanketi zito ndani au anaingia kwenye begi la kulalia la bei mbaya. Blanketi halina joto lake, linachofanya ni kushika hewa, na ukililalia unaikandamiza hewa yote inatoka, limebaki kitambaa. Ndo maana wenzetu wanatundika kitu kama duveti kwa NJE, chini ya hamoki, bila kulaliwa, likiwa limegusana na kitambaa bila kuacha mwanya. Mi nilimpelekea fundi cherehani duveti la mtumba, akapitisha upindo ncha zote mbili, nikaingiza kamba nikalivuta mpaka likakumbatia hamoki, na tangu hapo nalala kama mtoto. Kama hauna, kimkeka cha sponji kinasaidia maana sponji haibonyei sana, shida yake kinateleza, hamoki ya kitambaa mbili unakichomeka katikati kinatulia.

Eti mvua ikija hamoki imeisha, bora tenti.

Inategemea unalala wapi. Zile mbuga za udongo mweusi kule Tabora, kuanzia Novemba mpaka Aprili maji yanatuama, tenti inakuwa mtumbwi. Hamoki haijali. Kinacholowesha watu wa hamoki mara nyingi hata sio mvua inayotoka juu, ni maji yanayotembea kwenye mti, yanashika mkanda uliofungia hamoki kwenye mti, yanaufuata taratiiibu mpaka kwenye kitambaa na wewe unaamka mgongo umelowa unalisingizia turubai. Dawa yake kipande cha kamba ya kiatu, kifunge kwenye mkanda kabla haujafika kwenye hamoki, chini ya turubai, kining'inie. Maji yanashukia hapo. Bei yake bure.

Turubai la mita 3 kwa 3 linatosha ukiliweka kona kwa kona, maana mshazari wake unazidi mita 4. Liwe karibu na hamoki na mbavu zake zishuke chini, sio lipeperuke juu kama la kwenye harusi. Na kwa wa Kigoma, usiangalie upepo wa jioni ukadhani ndo wa usiku, mchana upepo unatoka ziwani, usiku unateremka kutoka milimani kwenda ziwani, ukiwa umeziba upande wa ziwa tu basi utapigwa mgongoni.

Radi ni habari nyingine. Hakuna hamoki salama kwenye radi, turubai halizuii kitu. Wingu likianza kunguruma karibu, toka, tafuta nyumba ya kueleweka au gari lenye bodi ya bati, na usifunge kamwe kwenye mti mrefu uliosimama peke yake.

Eti ukiwa juu mbu hawakufikii. Mbu anaruka, ndugu yangu. Tena anakung'ata kwa chini kupitia kitambaa, wewe umefunga chandarua juu kama mfalme na makalio yako nje. Kigoma malaria sio utani, chukua chandarua kinachozunguka mpaka chini, au duveti lile lile la chini likuzibe. Mchana kwenye miombo kuna mbung'o, na hao wanapenda bluu na nyeusi, mitego yao yenyewe inashonwa kwa rangi hizo, sasa mtu ananunua hamoki ya bluu na begi jeusi halafu anauliza mbona wananiandama mimi tu. Siafu nao wanapanda kamba kama ngazi, kagua mti kabla.

Wanyama wakubwa? Mita moja juu ya ardhi haimzuii yeyote. Hifadhi za Gombe na Mahale haulali unapopenda, ni kwenye sehemu zilizoruhusiwa.

Eti mti ni mti. Hapana kabisa. Kwanza angalia juu, tawi kavu linaanguka bila hodi, na mti mzima ukiwa mkavu usiuguse hata kama ni mnene. Kamba nyembamba inakata gome, tumia mkanda mpana, ile mikanda ya kufungia mizigo kwenye malori inafaa sana, ya poliesta, sio nailoni maana nailoni ikilowa inarefuka unaamka umegusa chini. Kigoma achana na mchikichi, vikonyo vyake vina miiba, ndani wanakaa nge na nyoka, na mkungu ukidondoka ni kilo nyingi zinakuja kichwani. Tabora tazama kama kuna mzinga wa nyuki umetundikwa, wakati mwingine uko mti wa tatu tu kutoka ulipo na gome lake linafanana na la mti wenyewe hauuoni kirahisi, kwa hiyo kabla ya kufunga simama kimya dakika mbili usikilize.