Je, wajua kwa nini uso wa Black Jack una rangi mbili?

Ukifungua manga (katuni za Kijapani) ya Black Jack, kinachokuvuta kwanza ni ule uso. Kovu refu la mshono limeukata kwa mshazari, na ngozi ya upande mmoja imekolea kuliko ya upande wa pili. Ni rahisi kudhani kwamba mchoraji, Osamu Tezuka, alitaka tu kumtisha msomaji, maana Black Jack ni daktari mpasuaji asiye na leseni, anayetoza mamilioni ya yeni kwa operesheni moja. Kumbe uso ule una kisa chake.

Jina halisi la Black Jack ni Kuroo Hazama. Akiwa mtoto, yeye na mama yake walilipukiwa na bomu lililosalia ardhini tangu wakati wa vita. Daktari Honma alimshona kipande kwa kipande, lakini ngozi ya kufunika uso ilipungua. Aliyejitolea kumpa yake ni Takashi, rafiki yake chotara, ambaye mzazi wake mmoja alikuwa Mweusi. Katika Japani ya baada ya vita, watoto kama Takashi walinyanyapaliwa sana. Ndiyo maana kisa hiki hunigusa kila ninapokirudia: mtoto aliyetengwa kwa sababu ya ngozi yake ndiye anayeitoa ngozi hiyohiyo.

Je, jambo hilo linawezekana hospitalini? Kwa kawaida, hapana. Ngozi ya mtu mwingine hushika kwa siku au wiki chache tu, kisha kinga ya mwili huitambua kuwa ngeni na kuishambulia mpaka inabanduka. Peter Medawar wa Uingereza alilichunguza jambo hili kwa majeruhi wa moto wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1960 akapata Tuzo ya Nobel. Pacha wa kufanana ndio wanaoweza kupeana ngozi ikadumu bila dawa za kuituliza kinga. Wengine, ngozi ya kupewa huwafunika kwa muda tu, kidonda kisipoteze maji wala kuingiwa na vijidudu.

Tezuka mwenyewe alisomea udaktari Osaka. Wakati wa vita, mikono yake yote miwili ilishambuliwa na fangasi, nusura ikatwe, daktari akaiokoa. Alipoanza kuchapisha visa hivi mwaka 1973, kampuni yake ya filamu za katuni ilikuwa imefilisika, na wengi walidhani zama zake zimepita. Visa vikaendelea kwa takriban miaka 10, vikazidi 200, karibu kila kimoja kikisimama peke yake.

Na lile kovu? Black Jack alipokuwa mtu mzima, mpasuaji anayewashonea wengine nyuso zikarudi kama zamani, kupata ngozi inayolingana na yake halikuwa jambo gumu. Alikataa. Ile ngozi ni ya Takashi.