Kilimo cha Korea hakikuanza na mpunga
Masimulizi yaliyozoeleka kuhusu Korea ya kale hudai kwamba mpunga ulipoingia katika rasi hiyo, wawindaji na wavuvi waligeuka wakulima na papo hapo wakajipatia machifu. Ushahidi wa kiakiolojia hauungi mkono mfuatano huo. Huko Tongsam-dong, mjini Busan, punje za nafaka ndogo mfano wa ulezi zimepimwa umri na kuonekana kuwa za takriban mwaka 3360 KK, yaani zaidi ya miaka 1,500 kabla ya kipindi cha Mumun, ambapo kilimo kilishamiri kweli. Waliozipanda waliendelea kuvua samaki na kuokota mbegu za mialoni, wakiishi katika vijiji visivyo na dalili za wazi za watawala.

Tofauti za hadhi hujitokeza baadaye sana, hasa baada ya takriban 850 KK. Huko Daepyeong, kando ya Mto Nam, wanaakiolojia walifukua mahandaki yaliyozunguka makazi, mabaki ya utengenezaji wa mapambo ya mawe ya kijani, na mashamba mapana ya matuta ambayo, tusisahau, yalikuwa ya nchi kavu wala si majaruba. Huko Songguk-ri, kaburi moja lilikutwa na jambia la shaba nyeusi. Ama makaburi ya mawe makubwa ya Gochang, Hwasun na Ganghwa, yaliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, ukubwa wake humshawishi mtazamaji aone himaya, ilhali jiwe kubwa huthibitisha kwanza kwamba watu wengi walishirikiana kulivuta.