Rangi Nyekundu Ilituponza

Ramani tuliyoitundika kwenye maonyesho ilikuwa ya mvua. Sehemu zilizonyeshewa kuliko kawaida zilikuwa nyekundu, zilizokauka zilikuwa buluu, kwa sababu programu ilikuja na mpangilio huo na hakuna kati yetu aliyejisumbua kuugeuza. Mama mmoja alisimama mbele yake, akamwonyesha mwanawe doa jekundu kwa kidole: "Unaona huku jua lilivyounguza?" Huko ndiko kulikokuwa na mafuriko.

Ufunguo wa rangi ulikuwepo, chini kulia, kwa maandishi madogo. Tungeweza kujitetea kwamba mama hakusoma. Lakini mtu akiona nyekundu huwaza moto, akiona buluu huwaza maji, na sisi ndio tuliokwenda kinyume naye. Kazi yangu ni kuchambua data za setilaiti zinazohusu tabianchi, na tangu siku hiyo picha haitoki chumbani kwetu kabla mbunifu wa michoro hajakaa nayo. Mapambo ni jambo la mwisho kabisa tunalomwomba. Tunamwita kwa sababu picha ya setilaiti, kabla hata hajaigusa, imeshachorwa na mtu.

Wengi hudhani setilaiti ni kamera iliyopandishwa juu sana. Zipo zinazokaribia kuwa hivyo. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na kwa picha za ukoo huo tumeona maziwa yakinywea na miji ikitambaa kwa zaidi ya miaka 50. Hata hizo, hata hivyo, hupima pia mwanga ambao jicho halioni. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mionzi ya infraredi, nasi tukitaka kuiona hatuna budi kuivisha rangi inayoonekana. Desturi ni kuivisha nyekundu. Ndiyo maana kwenye picha nyingi msitu wenye afya njema unaonekana kama unawaka.

Setilaiti zinazopima usawa wa bahari hazitoi picha hata kidogo. TOPEX/Poseidon, iliyorushwa mwaka 1992, ilikuwa ikituma wimbi la rada kutoka kimo cha kilomita 1,336, inasubiri lirudi, inahesabu muda uliopita. Jason tatu zikapokea kijiti kwa zamu, na mwaka 2020 ikafuata Sentinel-6. Kinachotufikia huku chini ni safu za namba. Ukizipanga vizuri, zinaonyesha kwamba bahari imepanda kwa takriban sentimita 10 tangu mwaka 1993. Rangi za ramani ya bahari ni uamuzi wa aliyeketi mbele ya kompyuta.

Na uamuzi huo tumeufanya vibaya kwa miaka mingi. Rangi za upinde wa mvua, ambazo wanasayansi tumezizoea kupita kiasi, zina njano inayong'aa katikati, hivyo jicho linaona mpaka mahali ambapo data haina mpaka wowote. Isitoshe, wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Katika baadhi ya jamii hufika karibu mwanaume 1 kati ya 12. Mwaka 2018 Ed Hawkins, mwanasayansi wa tabianchi wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alionyesha njia nyingine: mistari ya wima tu, kila mwaka mstari mmoja, buluu kwa miaka ya baridi na nyekundu kwa ya joto, bila namba wala maandishi. (Chanzo chake ni vipimajoto vya nchi kavu na baharini, wala si setilaiti, lakini somo ni lilelile.) Kilichonivutia ni kwamba yeye alipunguza. Sisi tukiona mchoro haueleweki, huongeza mshale.

Mradi ulionifundisha zaidi ni wa barafu. Kati ya mwaka 2002 na 2017, setilaiti mbili za GRACE, za Marekani na Ujerumani, zilizunguka dunia zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Ya mbele ikikaribia mahali penye uzito mkubwa, tuseme tabaka nene la barafu, inavutwa kidogo, na umbali kati yao unaongezeka. Ya nyuma nayo ikifika hapo inavutwa, umbali unapungua. Mabadiliko hayo yanapimika hata yakiwa madogo kuliko unene wa unywele. Barafu ikiyeyuka na maji yakaenda zake, mvuto wa mahali pale unapungua, na setilaiti zikipita tena zinalitambua hilo.

Tuliwaeleza wanafunzi hayo kwa grafu, wakapiga miayo. Mbunifu wetu akaleta ukanda wa mpira. Wawili wakaushika huku na huku, wakatembea mmoja nyuma ya mwenzake, na wa tatu akasimama kando akiwa "barafu", kila anayepita anamvuta mkono taratibu. Mpira unatanuka, unalegea, unatanuka. Baada ya dakika tano hakuna aliyehitaji maelezo yangu.

Palipotushinda kwa muda ni kwenye namba. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba Greenland hupoteza takriban tani bilioni 270 za barafu kwa mwaka. Ukiigawa hesabu hiyo, unapata zaidi ya tani 8,500 kila sekunde, yaani zaidi ya mabwawa matatu ya kuogelea ya Olimpiki kati ya kope kufumba na kufumbua. Msomaji anashtuka. Sasa isambaze barafu hiyohiyo juu ya bahari zote: kimo kinaongezeka kwa chini ya milimita 1. Msomaji anatulia. Kauli zote mbili ni za kweli, na anayechagua moja peke yake anajua anachokifanya. Tulizipanga ukutani ubavu kwa ubavu, kwa herufi za ukubwa uleule, na chini yake tukaweka rula yenye alama ya kila mwaka, ili mtu aone milimita zinavyorundikana.

Wasanii wamekwenda mbali kuliko sisi. Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing walileta vipande 12 vya barafu kutoka Greenland hadi uwanja mmoja wa Paris, Desemba 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi, wakavipanga kama saa, na watu wakavigusa na kuvikumbatia mpaka vikayeyuka. Mguso huo setilaiti haiwezi kuutoa. Kwa upande mwingine, barafu iliyo mkononi haiwezi kukueleza kasi.

Wala si kila mara mbunifu ndiye mwenye haki. Baada ya GRACE kuzima mwaka 2017, mrithi wake alirushwa Mei 2018, hivyo mstari wa vipimo vyetu una pengo la karibu mwaka mzima. Mbunifu alitaka kuliunganisha kwa nukta, akisema linaonekana kama kosa la uchapaji. Tulibishana alasiri nzima. Mwishowe pengo likabaki wazi, naye akaandika ndani yake kwa herufi ndogo: "Hapa hapakuwa na setilaiti."

Siku ile ya wanafunzi, msichana mmoja, akiwa bado ameshika ule mpira, aliuliza, "Mnajuaje kwamba kilichopungua ni barafu, na si mwamba ulio chini yake?" Kwa kweli setilaiti hizo hazijui. Zinahisi uzito wote kwa jumla, pamoja na mwamba ambao bado unainuka polepole tangu mzigo wa barafu ya kale ulipoutoka, na sehemu hiyo tunaitoa kwa kutumia modeli, yaani makadirio ya kompyuta, ambazo nazo zina mashaka yake. Kwenye grafu ya ukutani mashaka hayo hatukuwa tumeyaonyesha popote.

Mbunifu aliichora upya usiku uleule. Mstari mwembamba sasa umezungukwa na ukungu wa kijivu, mzito mahali tunapojua vizuri, mwepesi mahali tunapokisia. Mwenzangu mmoja alilalamika kwamba ukungu ule unatufanya tuonekane hatujui kazi. Wageni wanaupita mstari, wanasimama kwenye ukungu, na hapo ndipo wanapoanza kuuliza.